Tuanze na ufunguo, saini zitafuata

Mbukwenyi! Naona wa wizarani Mtumba mmekaa nyuma, wanafunzi wa UDOM mmejaa mbele. Nitaanza na wa nyuma.

Mnauliza: kompyuta ya kwanta ya kuvunja RSA, mbinu iliyozoeleka ya kufunga siri za mtandaoni, haijajengwa, haraka ya nini? Haraka ni kwamba mtu anaweza kunasa mawasiliano ya leo, akayahifadhi, akangoja. Faili la mgonjwa linalopaswa kubaki siri hadi mwaka 2045 linaweza kuibwa leo. Saini inayothibitisha seva haina tatizo hilo, maana kuighushi baadaye hakumrudishi mtu kwenye mawasiliano yaliyokwisha. Kwa hiyo anzeni na ufunguo, yaani namna kivinjari na seva vinavyokubaliana siri ya kufungia mawasiliano.

OpenSSL 3.5, toleo la programu ya usimbaji inayotumiwa na seva nyingi, lililotoka Aprili 2025, imekuja na ML-KEM, njia ya ufunguo iliyoundwa kuhimili kompyuta ya kwanta, ile Kyber ambayo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliipitisha kuwa kiwango Agosti 2024. Kivinjari kinatuma ufunguo wa umma. Seva inautumia kufungasha siri ya baiti 32 na kuirudisha. Katika daraja la 768 ufunguo huo ni baiti 1,184, na kifurushi kinachorudi ni 1,088. X25519, njia ya ufunguo tuliyoizoea, ni 32 tu! Ujumbe wa kwanza wa TLS, itifaki inayolinda kurasa za https, sasa hugawanyika pakiti mbili, na kifaa cha zamani cha ulinzi kinaweza kuutupa kimyakimya. Jaribuni kwanza kwenye seva isiyo na watumiaji.

Mbona tusitumie ML-KEM peke yake? Kumbukeni SIKE, njia nyingine ya ufunguo: ilishafika raundi ya nne ya mchujo wa NIST, na mwaka 2022 ikavunjwa kwa kompyuta ya kawaida, takriban saa moja. Ndiyo maana kuna X25519MLKEM768, inayounganisha ya zamani na mpya: mvunjaji avunje zote mbili.

Sasa wanafunzi. Kifurushi kikichezewa njiani, ML-KEM hairudishi kosa. Inakupa baiti 32 nyingine, zisizo na dalili yoyote ya ubovu, na utagundua mbele tu, ujumbe usipofunguka. Ni makusudi, ili mshambuliaji asijifunze kutokana na makosa. Tafadhali msiongeze ukaguzi wenu hapo, najua mnapenda.

Mkirudi ofisini, andikeni `openssl version`. Ikiwa ni 3.5 au zaidi, unganisheni na seva kwa amri ya `openssl s_client` mtazame kundi, yaani njia ya ufunguo, lililokubaliwa. Mkiona X25519 peke yake, ama upande wa pili haujapandisha toleo, ama kuna mtu alifunga orodha ya makundi kwenye mipangilio yenu, akasahau.