Upepo wa Kesho: Kungoja Dhoruba kati ya Visiwa vya Miamba

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nitaanza na swali ambalo nahodha anayepita kati ya visiwa vya miamba hana budi kujiuliza kabla nanga haijagusa maji: kesho upepo utatoka wapi?

Wengi wetu hutafuta ghuba inayotukinga na upepo wa leo. Maji yametulia, tunapika, tunalala. Usiku dhoruba inapita, upepo unageuka. Katika nusu ya kaskazini ya dunia mara nyingi hutoka kusini-magharibi ukahamia kaskazini-magharibi. Kusini mwa dunia, kinyume chake. Hapo ule mwamba uliokuwa ukuta wetu uko nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, nasi tunasukumwa kuuendea. Yalinipata, na hofu ya usiku ule ninayo hadi leo. Tangu hapo huchagua ghuba ya upepo ujao, hata kama saa za mwanzo chombo kitayumba.

Sasa urefu wa mnyororo wa nanga. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kina ni mita 5 wakati wa kupwa, unazidisha kwa tano, unatoa mita 25, unaridhika. Lakini maji yakijaa mita 3, na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, iko mita 1 juu ya maji, hesabu yako ilipaswa kuanza na 9. Mita 25 hazifiki hata mara tatu! Ulihitaji 45, na kwa dhoruba mara saba, yaani 63, au zaidi. Kumbukeni pia kwamba upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne.

Chini pakiwa mawe, nanga yaweza kunasa kwenye ufa isitoke tena, kwa hiyo ifungieni kamba nyembamba kichwani, yenye kiboya, muivute kwa nyuma. Mchanga au tope likipatikana, nendeni huko.

Usiku mweke zamu. Atakayekesha aende omo, aweke kiganja juu ya mnyororo. Nanga ikiwa imeshika, mnyororo hukaza na kulegea taratibu. Ikiburura juu ya mawe, mtetemo unapanda mpaka unausikia kwenye mifupa ya mkono, kabla macho hayajaona kitu gizani.

Asubuhi upepo unakufa, na kila mtu anataka kuondoka. Jamani, subirini. Mawimbi hayafi pamoja na upepo, na penye mlango mwembamba, mkondo ukikutana nayo uso kwa uso, yanasimama wima na kuvunjika. Mkondo wa maji kujaa na kupwa hugeuka baada ya muda wa saa 6 hivi, ngojeni ugeuke. Mimi huchukua darubini nikatazama mwamba wa nje kabisa. Povu likiwa bado linaupanda, nanga inabaki chini.