Mchoro wa Mtoto Usiishie kwenye Stetasi

ZAI: Karibuni tena wasikilizaji. Ni mimi Zai, niko na kaka Omari hapa studio, Dar es Salaam. Leo ni zamu ya wazazi wenye watoto wanaochora, wale ambao mtoto akikuletea karatasi unamwita na jirani aje aone.

OMARI: Da Zai, naanza na mpwa wangu. Ana miaka 4. Juzi kamchora mama yake: kichwa kikubwa, miguu inatokea hapohapo kichwani, kiwiliwili hakuna. Shemeji akacheka, akasema huyu bado sana. Lakini ungeona mikono! Imevuka karatasi nzima, na vidole vimezidi kumi. Nikamuuliza, mbona mama ana mikono mirefu hivi? Akaniambia, "Ili anifikie kitandani."

ZAI: Mashallah! Shemeji mwambie asiwe na wasiwasi. Hicho kichwa chenye miguu watoto wengi sana wa miaka 3 au 4 wanakipitia, wa huku na wa nchi nyingine. Akifika miaka 5 au 6 utaona anapiga mstari wa ardhi chini, anga juu. Mwambie achore daladala, atakuchorea na abiria waliokaa ndani, hadi miguu yao unaiona kupitia bati. Anajua wamo, basi anawaweka. Mzazi asiyelijua hilo atamkosoa mtoto mahali ambapo hajakosea.

OMARI: Sasa mwenye kipaji hasa tunamtambuaje? Maana kwa kila mzazi, mtoto wake ana kipaji.

ZAI: Yupo mwanasaikolojia wa Marekani, Ellen Winner, amewachunguza watoto hawa miaka mingi. Anasisitiza ile hamu kali ya mtoto kukimudu kitu bila kusukumwa na mtu. Unamwita kula, hasikii. Anamchora mbuzi yuleyule tena na tena mpaka goti likae sawasawa. Na kuna jambo jingine analolisema, ambalo wazazi hatupendi kulisikia: wengi wa watoto wenye vipaji hawaji kuwa mabingwa ukubwani.

OMARI: Ndiyo maana huwa nasononeka mzazi akiposti mchoro na kuandika, "Huyu ndiye Tingatinga wetu." Mtoto wa miaka 7 unamtwika mzigo gani huo?

ZAI: Na Tingatinga mwenyewe hakuanzia utotoni, kaka! Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kule kusini, akaanza kuchora picha zake hapa Dar mwaka 1968 hivi, mtu mzima kabisa. Shule ya sanaa hakuipita. Vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, basi. Akafariki 1972, na mtindo haukufa kwa sababu ndugu na vijana walikuwa wamekaa pembeni yake wanamsaidia na kujifunza.

OMARI: Mimi kisa kinachonigusa ni cha Wang Yani, wa China, aliyezaliwa 1975. Tangu mdogo kabisa alikuwa anachora kima, kima wa kila namna. Baba yake, Wang Shiqiang, naye alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Alipoona binti anakwendaje, akaacha kuchora, ili binti asije akamwiga yeye. Mwaka 1989, binti ana miaka 14, kazi zake zikapata onyesho lake peke yake kwenye jumba la Sackler, Washington. Baba kuweka brashi chini kwa ajili ya mwanawe! Mimi naona huo ndio upendo.

ZAI: Ni upendo, sikatai. Lakini hapo tunatofautiana kidogo. Mimi ningekaa naye mkekani, kila mtu na karatasi yake, nichore vibaya vyangu. Mbona vijana wa Tingatinga walijifunzia pembeni ya mtu anayechora?

OMARI: Ukikaa naye usimshike mkono tu.

ZAI: Hapo sawa.

OMARI: Na sifa nazo zina namna yake. Mtaani kwetu kuna kijana alichora simba, picha ikazunguka kwenye kundi la familia, shangazi, wajomba, kila mtu "simba tena, simba tena." Akachora simba mpaka akachoka, kalamu akaziweka. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka kuchora nini.

ZAI: Inauma. Mimi badala ya "umejua!" namwambia mtoto, "Hebu nisimulie hapa panatokea nini." Atakuhadithia mpaka chai ipoe. Na yale maneno yake yaandike nyuma ya karatasi kwa penseli, pamoja na tarehe na umri.

OMARI: Nyumba nyingi karatasi zile zinaishia kufungia karanga.

ZAI: Nakuomba usikie hii. Paul Klee, mchoraji mkubwa aliyezaliwa Uswisi 1879, mwaka 1902 aliikuta michoro yake ya utotoni kwa wazazi wake, Bern. Wakati huo alishasoma sanaa Munich, na ameshatembea Italia. Akaiona ina kitu. Mwaka 1911 alipoanza kuorodhesha kazi zake zote, akaingiza na baadhi ya hiyo ya utotoni. Ingekuwa imetupwa, angeorodhesha nini?

OMARI: Kwa hiyo faili la plastiki, juu ya kabati, mbali na unyevu na mchwa.

ZAI: Na mbali na jua, kalamu za felti zinapauka haraka. Ukitaka kuipiga picha, ilaze karatasi karibu na dirisha mchana, zima flashi. Halafu muulize mwenyewe kabla hujaiweka stetasi. Akisema hapana, ni hapana.

OMARI: Hata kama bibi yake Tanga anaisubiri?

ZAI: Bibi atasubiri, au atakuja kuiona. Mtoto akizoea kwamba kila anachochora kinaondoka kwenda kwa watu, ataanza kuvificha vile anavyovipenda zaidi.

OMARI: Na akikubali, sare ya shule na nembo visionekane, jina kamili usiandike.

ZAI: Wasikilizaji, tutumieni michoro, jina la kwanza na umri tu. Na sauti ya mtoto akiielezea mwenyewe, kama ameridhia. Wiki ijayo tunazisikiliza, kaka Omari amesema mpwa wake yumo.

OMARI: Nitamuuliza kwanza, da Zai.