Nusu ya ziwa ikiisha, kata mafuta

Ndaga fijo, kaeni vijana wangu. Waliowahi kunisikia watasema mzee karudi na yale yale, ni kweli narudia, na nitaendelea kurudia mpaka hizi ndege ndogo za maboya, zinazokalia maboya majini badala ya magurudumu, ziache kuua watu zikiwa zinapaa ziwani.

Ziwa halikuonyeshi mwisho. Rubani wa uwanja wa ndege wa Songwe anaiona lami inaisha, anajua hapa basi. Wa ziwani anatia mafuta, yaani anaisukuma injini ivute kwa nguvu zote, pua iko juu, maboya yanalima maji, ndege haiondoki, anajiambia bado maji yapo mbele, ngoja kidogo, ngoja kidogo, anakuja kushtuka miti iko usoni. Hapo ndo anavuta pua kwa nguvu, spidi hana, anakata kona, bawa linakosa upepo wa kulibeba na ndege inalala ubavu.

Nilikuwa Kanada, fundi msaidizi, asubuhi ziwa shwari kabisa kama kioo. Mvuvi wa Matema akiona maji vile anashukuru Mungu, ila kwa ndege ya maboya ni shida, hakuna vijiwimbi vya kupitisha hewa chini, maji yanalinyonya boya kama buti lililonasa kwenye tope la Rungwe masika. Tulikuwa wanne na makreti ya samaki. Rubani akatia mafuta, tukalima, tukalima, tulipofika usawa wa mwamba mmoja mweupe ufukweni akakata. Kimya. Tukarudi tukaanza upya, mwamba ule ule, akakata tena. Mara ya tatu hakujaribu, akarudi gatini, akashuka na pampu ya mkono, akawa anachomoa vile vimpira vinavyoziba matundu juu ya boya, chumba kimoja kimoja, anapampu huku anahesabu kwa sauti. Chumba cha nyuma cha boya la kushoto kilitoa maji mpaka mkono ukamchoka, ndoo mbili hivi. Ndoo mbili ni lita 40, yaani kilo 40, tena zote ziko nyuma zinaangusha mkia! Tulikuwa tumepakia lumbesa bila kujua. Alitakiwa apampu kabla ya kuwasha injini, hapo alikosea na alikiri mwenyewe. Bado akanishusha mimi na makreti mawili. Nilinuna, nikamuuliza kwani ule mwamba una nini, akasema ndo nusu ya nafasi yangu, niliuchagua kabla hatujaondoka, nikifika pale maboya hayajapanda juu ya maji yakaanza kuteleza, safari hakuna. Jioni upepo umeamka akanifuata, tukapaa hata mwamba hatujaufikia.

Sasa kuna mtu atasema weka injini kubwa, yaishe. Haya, nenda nayo Ziwa Ngozi, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ya kawaida inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake na kuta za kreta ya volkano zimekuzunguka kote. Fuso ya viazi ikipanda Kitonga mnaijua inavyolia. Au nenda Matema upae kuelekea milima ya Livingstone, joto lile la Kyela, ukuta mbele, na upepo unaoshuka mlimani unakukandamiza. Na msiniambie Nyasa haijawahi kuona ndege za maji, za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, zilikuwa zinatua Cape Maclear, upande wa Malawi, 1949 na 1950.

Naona naonyeshwa saa. Ya upepo wa pembeni naiacha, ila hili la abiria siliachi. Novemba 2009, Saturna Island, Kanada, ile ilikuwa baharini, ndege ya maboya aina ya Beaver ilianguka ikiwa inapaa, watu 8 ndani, 6 walikufa maji. Kufa maji, mnaelewa? Ndege hizi zinageuka miguu juu, mtu yuko hai kafungwa mkanda kichwa chini, gizani, hajui mlango uko wapi. Laifu jaketi ivae kabla ya kuondoka, usiijaze hewa ukiwa ndani maana itakubana juu kwenye sakafu. Mkono mmoja ushike mlango kwanza, ndo ufungue mkanda, ukianza na mkanda utaelea na kupotea humo humo.

Tujaribu. Wote fumbeni macho, mnyooshee kidole mlango mlioingilia. Sasa fumbueni. Dada wa kitenge cha bluu, wewe umenyooshea dirisha, na ndugu yako hapo pembeni kaninyooshea mimi, na humu ndani taa zinawaka na mmekaa saa nzima.