Chanjo ya kuzuia ndovu kuzaa: Shimba Hills labda, Tsavo sidhani

Haya jamani, nyinyi mlosimama mlangoni ingieni, viti viko huku mbele. Nimeitwa niongee juu ya ndovu kupangishwa uzazi na naona mshaanza kucheka hata sijasema kitu.

Tuanzie hapa Kwale. Hifadhi ya Shimba Hills imezungukwa na mashamba na fensi, ndovu wakajaa, mwaka 2005 KWS, lile shirika la wanyamapori, ikahamisha 150 wakapelekwa mbuga ya Tsavo East. Malori, winchi, madaktari, pesa kibao, na walobaki wakaendelea kuzaa tu. Sasa kila wakijaa twakodi malori? Kuwapiga risasi, Afrika Kusini walifanya hivyo mbuga ya Kruger tangu 1967 mpaka 1994, na sidhani kuna mtu hapa ataka kuyaona hayo.

Ndo ikaja chanjo, yaitwa PZP. Yai la mnyama lina utando nje, mbegu ya dume lazima ishike pale kwanza ndo iingie. Wataalam wachukua ule utando kwa mayai ya nguruwe wa machinjioni, wausafisha, wamdunga ndovu jike, mwili wauona kitu kigeni watengeneza kinga, na ile kinga yaenda kuziba mayai yake mwenyewe. Mbegu ikifika haina pa kushika. (Ndio kaka, nguruwe, nimekuskia, lkn hakuna anayekula ndovu hapa kwa hio tusikwame hapo.) Mwenye mimba tayari atazaa kama kawaida. Ila wasoshika mimba wazidi kuingia joto, na madume wawafuata bila faida.

Marekani, kisiwa cha Assateague, walianza kusimamia hivi farasi mwitu 1994, wakawa wawadunga kwa bunduki ya sindano. Ikaja kuonekana wale majike, kwa vile hawachoshwi na mimba na kunyonyesha, waishi miaka mingi zaidi, basi idadi ikawa yashuka polepole sana. Na hapa ndo nataka mniskize vizuri. Hii chanjo haiondoi mnyama hata mmoja, yazuia wapya tu. Ndovu aweza kufika miaka 60, mimba yake ni miezi 22, ukimdunga leo na tayari amebeba, mtoto aja vilevile. Mkulima alolimiwa shamba na ndovu jana, yani mahindi yote chini, haimsaidii kesho, na anayemuahidi hivyo amdanganya.

Halafu kila jike lazima arudiwe, mwaka wa kwanza zaidi ya mara moja, baadae kila mwaka, kwa hio uwajue mmoja mmoja, huyu sikio limechanika, yule pembe moja fupi. Makalali kule Afrika Kusini walianza 2000 na wameweza kwa sababu hifadhi ni ndogo. Tsavo kuna ndovu zaidi ya 10,000, helikopta ngapi hizo? Shimba Hills yawezekana, mradi ianze kabla hawajajaa tena.

Mama auliza kunguru je, nao waweza kudungwa? Mama, hii ni ya wanyama wanaonyonyesha, na hata ingefaa, nani atamtambua kunguru wa Kongowea amrudie mwaka ujao?