Soma jina mgongoni kwanza: Waarmenia waliovaa jezi za nchi nyingine

Haya jamani habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huko nyuma mnanisikia? Sawa.

Nianze na fainali ya kombe la dunia 1998, Ufaransa na Brazil. Wengi wa rika langu tuliiangalia kwenye tv ya jirani, watu wamejaa mpaka dirishani, na tukitoka pale kila mtu Zidane, Zidane, na ni haki yake maana alifunga mbili kwa kichwa. Sasa ile kona ya goli la pili nani alipiga? Youri Djorkaeff. Mama yake Mwarmenia. Halafu dakika ya 57 akatoka Karembeu akaingia Alain Boghossian, naye ametoka familia ya Kiarmenia. Yaani kwa kama robo saa hivi kulikuwa na wawili wenye damu ile uwanjani, wote wamevaa bluu ya Ufaransa, na Armenia yenyewe, nchi ndogo jirani na Uturuki na Georgia, mpaka leo haijawahi kufika kombe la dunia. Nilipokuja kulijua hili halikunitoka kichwani, ndo maana niko mbele yenu.

Waarmenia wengi jina la ukoo linaishia na -yan au -ian, maana yake wa fulani, kama sisi tunavyosema bin fulani. Boghossian ni wa Boghos, yaani Paulo. Petrosian, yule bingwa wa dunia wa sataranji aliyezaliwa Tbilisi, Georgia, ni wa Petro. Nalbandian, Muargentina aliyefika fainali ya Wimbledon 2002, jina lake ni la kazi, nalband ni fundi anayepigilia farasi vyuma vya kwato. Kwa hiyo mimi siku hizi nikiangalia michezo nasoma jina mgongoni kwanza, bendera baadaye.

Walifikaje kote huko? Hapa naomba tutulie kidogo. Olimpiki ya Stockholm 1912 dola ya Uthmaniya, ile ya Waturuki, iliwakilishwa na wanariadha wawili tu, Vahram Papazian na Mıgırdiç Mıgıryan, na wote wawili Waarmenia. Miaka 3 tu mbele, 1915, dola ileile ikaanza kuwaua Waarmenia na kuwaswaga jangwani, waliokufa wanakadiriwa kufika milioni 1.5. Walionusurika wakatawanyika, Syria, Lebanon, Ufaransa, Argentina, Marekani, kwingine wakawakuta wenzao waliotangulia zamani. Kwa hiyo ukimwona Norair Nurikyan, mzaliwa wa Sliven, Bulgaria, anayanyanyua machuma anachukua dhahabu Munich 1972 na tena Montreal 1976, zote za Bulgaria, usimuulize mbona hakuichezea Armenia. Armenia ipi? Wakati huo ilikuwa ndani ya Soviet, na yeye kwao ni Sliven, hajahama popote. Mtu akiwaita watu kama hawa wasaliti mimi siwezi kunyamaza.

Mwangalie Emmanuel Agassi, alipigana ndondi kwa Iran Olimpiki mbili, London 1948 na Helsinki 1952, akahamia Marekani, akamzaa Andre, na Andre akachukua dhahabu ya tenisi Atlanta 1996 kwa Marekani. Baba Iran, mtoto Marekani, asili Armenia.

Na Atlanta hiyohiyo ndo kuna habari inayonigusa kuliko zote. Ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya kiangazi ya Armenia kama nchi huru. Fikiria nchi ya watu kama milioni 3, tetemeko la 1988 limeua kama watu elfu 25, vita na Azerbaijan, halafu miaka ya baridi kali ambayo umeme unakuja masaa machache kwa siku. Anatokea kijana wa mieleka, Armen Nazaryan, kilo 52, anawapa dhahabu yao ya kwanza kabisa. Sydney 2000 anachukua tena dhahabu, lakini sasa kifuani kaandikwa Bulgaria, na Armenia inabaki na shaba moja tu. Athens 2004 yeye shaba, Bulgaria tena, Armenia mikono mitupu. Dhahabu ya pili waliisubiri miaka 20, mpaka Artur Aleksanyan, mieleka tena, Rio 2016.

Inauma, na anayeumia simkatazi. Ila mwanamichezo anakula kwa mwili wake, na mwili hausubiri nchi ijipange, ukimwambia avumilie miaka 8 umemwambia aache mchezo. Nchi ndogo isiyo na hela ya kambi itawapoteza watu hivihivi, na lawama ya kwanza isimwendee kijana.

Wapo pia wanaorudi. Houry Gebeshian kazaliwa Marekani, anafanya kazi hospitalini huku anajinoa jimnastiki, akachagua Armenia na kwenda Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa jimnastiki kuiwakilisha nchi hiyo Olimpiki.

Namalizia na Paris 2024. Kunyanyua vyuma, uzito wa juu kabisa. Dhahabu Lasha Talakhadze wa Georgia, fedha Varazdat Lalayan wa Armenia, shaba Gor Minasyan wa Bahrain. Huyu Minasyan ni mtoto wa Gyumri kabisa, mji wa Armenia, Rio alichukua fedha kwa Armenia. Na siku chache kabla yake, Paris hapohapo, nani kaipa Bahrain dhahabu ya kuruka viunzi na maji? Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya. Timu moja, binti yetu na kijana wa Gyumri, kwa hiyo ninaposema haya ya Waarmenia najua kabisa kuna watu humu ndani yanawagusa nyumbani.

Siku ile ya vyuma niliangalia mpaka wanavishwa medali. Bendera ya Armenia upande mmoja, ya Bahrain upande mwingine, na majina yote mawili yanaishia na -yan. Haya, karibuni maswali.