Neno Linalokutana Nawe Njiani

Shikamooni wakubwa zangu; walimu wenzangu wengine, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie neno moja tu la Kiingereza, obvious, nami nilipokuwa nakuja nimetazama juu nikautafuta mlima. Haupo. Mawingu yameufunika wote. Mgeni aliyeshuka stendi ya Moshi jana usiku, ukimwambia hapo nyuma kuna mlima wa mita 5,895, atakuamini kwa adabu tu.

Neno lenyewe ni la Kilatini, obvius. Ob ni "mbele ya" au "kuelekea", via ni njia. Yaani kitu unachokutana nacho njiani, hata kama hukukitafuta. Kiingereza kililichukua mwishoni mwa karne ya 16, maana ikapanda polepole: kilichokuwa mbele ya miguu kikawa mbele ya macho, kisha mbele ya akili. Previous nalo ni la ukoo huohuo, lililotangulia njiani.

Sisi tuna dhahiri, la Kiarabu, kinachoonekana kwa nje. Kinyume chake ni batini, kilichofichika ndani. Tuna wazi pia, lakini hilo lina mtego. Mwanafunzi wangu aliwahi kuandika the door is obvious. Mlango uko wazi! Nilicheka mpaka nikasahau kumkata maksi. Kinachonichosha mimi ni it is obviously that. Hapo ni obvious, jamani, kila mwaka tunalisema.

Turudi kwenye njia. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe kileleni. Akamuuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani kile. Akajibiwa ni baridi. Baridi tu, basi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata: theluji karibu na ikweta? Kwa Mchaga aliyeamka nayo kila asubuhi, hilo halikuwa na mjadala. Cooley njia yake haikupita huku.

Ndiyo maana Kiingereza hulifuatishia to: obvious to me, obvious to everyone. Insha ikianza na obviously, mimi huandika pembeni kwa kalamu nyekundu: kwa nani? Naomba chaki, tuione moja ya juzi.