Samaki wa Bibi na vigae vya bafuni

RUKIA: Karibuni tena. Hamadi, kabla hujanicheka, jana nimerudi kutoka Lamu na kidole kimefungwa plasta.

HAMADI: Pole dadangu. Punda au fundi?

RUKIA: Punda. Vigae vilishuka botini salama, vikapakiwa, punda akajibana na ukuta wa kichochoro. Maboksi mawili kwisha. Vipande nimeokota mwenyewe.

HAMADI: Punda kakataa vigae vya kung'aa.

RUKIA: Hebu ngoja. Nyumba ya Bibi mnaijua, ile ya matumbawe na boriti. Bafu linamomonyoka. Leo nina mambo matano ya kuchagua kigae kisichochuja kwenye nyumba ya kale. La kwanza...

HAMADI: Birika mmelivunja, lile tangi la maji la bafuni?

RUKIA: Birika lipo.

HAMADI: Na samaki?

RUKIA: Yallah! Wawili. Fundi kijana alichungulia, akaniita: "Dada, kuna kitoweo humu."

HAMADI: (anacheka) Hakuambiwa hao wako kazini? Wanakula viluwiluwi vya mbu.

RUKIA: Bibi akatoka na mkongojo wake: hakuna nyundo mpaka samaki wapate pa kukaa. Fundi nimemlipa nusu siku ya kutafuta ndoo isiyonuka sabuni! Haya, kigae. Mimi nataka vyeupe, vidogo, mpaka usawa wa bega.

HAMADI: Samaki wanaonaje?

RUKIA: Hamadi.

HAMADI: Basi nasema mimi. Ukuta ule unafyonza maji kutoka ardhini, pamoja na chumvi. Chokaa inauacha upumue. Ukiuziba kwa saruji na vigae, unyevu utapanda, utokezee juu ya vigae au chumba cha pili. Baada ya masika mbili tatu rangi inabambuka.

RUKIA: Na chokaa nani ataipaka? Wewe uko Mombasa. Bibi ana miaka 81, kila akioga anatoka na unga mweupe begani.

HAMADI: Hiyo imepakwa ovyo. Ikisuguliwa sawasawa haitoi unga.

RUKIA: Nipe fundi wa kuisugua.

HAMADI: Wapo.

RUKIA: Wapo wapi?

HAMADI: Lamu hapo hapo. Wengi wako kwenye nyumba za wageni.

RUKIA: Kwa bei za wageni.

HAMADI: Bei mbali. Ukuta utaoza.

RUKIA: Na Bibi akiteleza kwenye chokaa iliyolowa?

HAMADI: Sakafuni weka vigae, visivyong'aa, vidogo, mguu ushike. Sijakataa. Nasema ukuta.

RUKIA: Na mimi nasema ukuta. Navibandika Jumatatu.

HAMADI: Basi mwakani usinipigie simu.

RUKIA: Sikupigii.

(kimya)

HAMADI: Ndoo yenyewe ina kifuniko?

RUKIA: Tumebakiwa na dakika moja, na mambo yangu matano hata moja sijalisema. Rangi, ukubwa, hiyo mistari ya katikati inayoshika uchafu... basi, siku nyingine.

HAMADI: Nimeuliza kifuniko.

RUKIA: Hakikuwepo.

HAMADI: Lamu? Na paka wote wale?

RUKIA: Amebaki mmoja.

HAMADI: Inna lillahi. Bibi anajua?

RUKIA: Bibi hasikilizi podikasti. Tukutane Alhamisi.